Lita Mia Tisa Tisini na Tisa

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2017, na mabomba ya mtaa wetu yalikuwa yakikauka siku mbili kila juma. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjukuu wangu, mtafiti wa chuo, alikuwa amezishawishi familia thelathini na sita zisome mita kila alfajiri na kuandika daftarini lita zilizotumika. Siku ambayo bomba lilikauka tuliandika 999, isije ikachanganywa na siku ambayo nyumba haikuwa na mtu. Hatimaye aliziweka takwimu hizo mtandaoni pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo. Yeyote aliruhusiwa kuzitumia bure. Alichodaiwa ni kutaja zilikotoka tu.

Akatokea bwana mmoja aliyependa kuitwa Daktari hata akiwa msalani. Alizipakua takwimu, hakuusoma ukurasa wa maelezo, kisha akaiandikia ofisi ya maji ripoti nene kama tofali: mtaa wetu ni wa wabadhirifu, nyumba moja, kama namba kumi na moja, huweza kumaliza lita mia tisa tisini na tisa kwa siku, kwa hiyo tufungiwe maji siku mbili zaidi.

Kamati ya ofisi hiyo ilipokutana kulipitisha pendekezo hilo, tulikwenda, mimi na mjukuu wangu. Alinisihi ninyamaze. Nilijitahidi kwa dakika nne hivi.

"Nyumba namba kumi na moja ni yangu, na ninaishi peke yangu," nilimwambia Daktari. "Lita zote hizo nilizifanyia nini, baba?"

"Bibi, takwimu hazidanganyi. Pengine bomba lako linavuja."

"Linavuja nini, nalo siku hiyo lilikuwa kavu kama kichwa chako?"

Wajumbe waliangua kicheko. Daktari alivimba.

"Hizi ni takwimu zangu!"

"Zako tangu lini?" mjukuu wangu aliuliza kwa upole, akamsogezea kompyuta. "Huu hapa ukurasa wa maelezo. Mstari wa tatu."

"Sikuona haja ya kuusoma. Nambari hujieleza zenyewe."

"Usome sasa, na kwa sauti," alisema mwenyekiti. "Nasi tunajua kusoma kidogo."

Aliusoma: 999 si lita, ni alama ya siku ambayo bomba lilikauka. Nimewahi kuona wavivu wa kila aina, ila mvivu wa kusoma aliyepewa shahada tatu kwa kusoma, huyo sikuwa nimemwona bado.

Mwenyekiti alimwamuru apige hesabu upya, siku kavu zikiwa zimeondolewa. Jasho likimtiririka, alipata lita mia moja na kumi kwa nyumba, chini kuliko mtaa mwingine wowote katika ripoti yake. Pendekezo likatupwa papo hapo.

Ndipo Daktari alipochukua kalamu, akayakata maneno "takwimu zangu" katika ukurasa wa kwanza, na juu yake akaandika jina la mjukuu wangu. Alisimama, akataka kuufunga mkoba wake.

"Familia ni thelathini na sita," nilimkumbusha.

Aliketi tena, akaziandika zote, moja baada ya nyingine, nasi tukimngoja.