Vidole Viwili vya Chokaa

"Fiftini. Thati. Foti."

Mselem alikuwa akikoroga chokaa kwenye pipa, na kila mzunguko wa mti ulikuwa na neno lake. Chokaa ikiwa nzito aliongeza maji. Neno likimponyoka alianza upya. "Fiftini. Thati. Foti. Geemu."

Alikuwa fundi wa chokaa, mwana wa fundi wa chokaa, na nusu ya kuta za mji wa Amu zilipita mikononi mwao. Miezi mitano nyuma aliitwa kuchora mistari ya uwanja wa tenisi nyuma ya nyumba ya Bwana Mkubwa wa Serikali. Mistari ikanyooka hata Wazungu wakainama kuitazama. Kisha, kwa kuwa Bwana Mkubwa na bwana wa forodha walikuwa hawaishi kugombana juu ya hesabu ya mchezo, wakaamua kwamba aliyeichora mistari ndiye atakayekaa kwenye kiti kirefu na kutangaza. Ikabaki kufundishwa maneno tu.

Mwalimu wake alikuwa Yunusi, karani wa ofisini, mtu wa Mombasa, na Yunusi hakuwa na kawaida ya kutoa kitu bure. Kila Ijumaa Mselem alimpelekea nazi za shamba lao la Kipungani, naye Yunusi akamlipa maneno. Auti, mpira umetoka nje ya mstari. In, umo ndani. Lavu, huna kitu. Wel pled, umecheza vizuri. Had laki ilikuwa ghali kuliko yote, maana Yunusi alisema ni ya kiungwana: ndiyo anayoambiwa aliyeshindwa na yule aliyemshinda, ili asione uchungu.

"Na huondoka, huo utungu?" aliuliza Mselem.

"Hiyo si kazi ya neno," alisema Yunusi, akaziingiza nazi ndani.

Shamba hilo hilo ndilo lililomfanya avumilie yote. Mwaka ule Serikali ilitangaza kwamba kila mwenye ardhi aje aandikwe, na ardhi isiyokuwemo kitabuni ni ya Serikali. Karatasi ya marehemu baba yake ilikwisha kuliwa na mchwa. Shahidi alibaki mmoja, Mzee Jeilani, aliyeiona minazi ikipandwa kwa macho yake. Mara mbili Mselem alikwenda ofisini, na mara mbili Yunusi akamjibu kabla Bwana Mkubwa hajainua uso: lete karatasi. Alipombembeleza amtafsirie walau maneno mawili, Yunusi alicheka.

"Bwana Mkubwa hasumbuliwi akiwa kazini. Mngoje ashinde mchezo, akishinda huwa mtu mwingine. Mwambie mwenyewe. Kiingereza si unacho?"

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Kesho kitabu kingepanda meli kwenda Mombasa.

Baada ya swala ya alasiri alimkuta dada yake Rahima nje ya ua wa nyumba ya Bwana Mkubwa, amekaa kivulini na Mzee Jeilani. Mzee aliletwa juu ya punda tangu alfajiri, na miguu ilikuwa imemvimba.

"Mselem, yeo ndiyo siku," alisema Rahima. "Mzee huyu hataletwa juu ya punda mara ya pili."

"Maneno nimeyashika, dada."

"Maneno ya mtezo."

"Ndiyo niliyouziwa."

Rahima aliendelea kumpepea mzee kwa kipepeo cha ukindu, na Mselem akaingia uani.

Bwana Mkubwa alianza vibaya. Alipiga mpira wavuni, akaitukana raketi, akalitukana jua. Mselem juu ya kiti alitangaza kila kitu kama kilivyokuwa, huku roho yake ikimwombea Mzungu ushindi kuliko alivyowahi kumwombea ndugu yake. Polepole Bwana Mkubwa akajikongoja, wakalingana, wakafika geemu ya mwisho, naye akawa anahitaji pointi moja tu.

Akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukaangukia nyuma ya mstari, vidole viwili nje, ukaacha alama kwenye udongo ulioshindiliwa. Mselem aliiona vizuri sana. Mstari ule aliupima kwa uzi na kuuchora kwa mkono wake, na katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu kwamba ukuta uliopinda umenyooka. Bwana wa forodha aliinua kichwa akamtazama, akingoja.

"In," alisema Mselem. "Geemu. Seti. Bwana Mkubwa."

Masikio yalimwaka kwa haya. Bwana wa forodha aliinua mabega, akaenda kunywa maji. Bwana Mkubwa alikuwa anacheka peke yake.

Mselem akashuka kwenye kiti. Yunusi alikuwa amesimama kando na barua za kutiwa sahihi, akamwonyesha kwa kidevu: haya, sasa.

"Sa," alisema Mselem, kama alivyomsikia Yunusi akimwita Bwana Mkubwa. Hapo ndipo alipogundua umaskini wake. Kwa Kiingereza hakuwa na mnazi, hakuwa na kaburi, hakuwa na urithi wala mchwa. Alikuwa na mchezo tu. "Sa. Shamba, baba. Baba in. Mimi in. Gavamenti se auti. Not auti, Sa. Plis." Akanyoosha mkono kuelekea nje ya ua, aliko shahidi wake.

Bwana Mkubwa alimsikiliza na jasho likimtiririka. Akafurahi mno. Akamwita bwana wa forodha aje asikie, wakacheka wote wawili, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kisha akamuuliza Yunusi kitu. Yunusi akajibu kwa maneno machache sana. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa, akampiga Mselem begani taratibu.

"Had laki, Mselem."

"Amesema..." alianza Yunusi.

"Usinambie," alisema Mselem. "Hilo nimelinunua kwako."

Wazungu wakataka seti ya pili. Akapanda tena kitini, akatangaza mpaka jua likapungua.

Nje ya ua Rahima alikuwa amesimama. "Wamesemaye?"

"Tumeshindwa, dada."

Walimwinua Mzee Jeilani pamoja, wakampandisha punda. Mzee aliuliza kama sasa ndiyo anakwenda kutoa ushahidi. Rahima alimweka miguu vizuri, Mselem akashika kamba ya punda.

Asubuhi meli ilipopiga honi, Mselem alikuwa uwanjani na pipa lake, maana mistari hutiwa chokaa kila Jumamosi. Usiku kucha hakulala. Shamba alinyang'anywa, lakini uongo aliutoa mwenyewe, tena bure. Alama ya mpira ilikuwa pale pale. Aliitazama kitambo. Akausugua mstari wa zamani kwa maji na ufagio mpaka ukafutika, akapigilia vigingi, akavuta uzi, akachora mwingine vidole viwili nje zaidi, ukapita juu ya alama ile; sasa mpira wa jana ulikuwa in.

Jioni Wazungu wakaja kucheza kama kawaida. Uwanja wa Bwana Mkubwa ulikuwa umeongezeka tangu jana, na hakuna aliyemwambia alete karatasi.