Gurudumu la Shaba ya Kengele

Kengele ya shule yetu ilifariki siku ya Jumanne, na mazishi yake niliyaendesha mimi mwenyewe, ndani ya chungu cha kuyeyushia, kwa heshima zote anazostahili marehemu. Ilikuwa kengele ya mkono, ya shaba, yenye ufa tangu mwenzangu Yohana alipoiangusha kwenye ngazi za kanisa. Kuanzia hapo ililia kama sufuria inayopigwa mwiko. Hata hivyo iliendelea kutuamsha kila alfajiri, na ndiyo maana katika wanafunzi wote wa misioni hakupatikana hata mmoja wa kuitolea chozi.

Sikuiyeyusha kwa chuki. Nilikuwa na haja na shaba yake.

Baba yangu anaitwa Mikidadi, Mzaramo, fundi wa kila kitu. Alimwoa mama akaja kuishi Kinole, kwenye shamba la ukoo wa mama, kwa kuwa kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama na mtoto naye ni wa ukoo wa mama. Mama alipofariki, baba hakuwa tena na pa kusimama. Mjomba Stefano alinichukua mimi, kama ilivyo haki yake, na baba akateremka mlimani kuwafuata Wajerumani waliokuwa wakijenga reli kwenda bara. Reli ikafika Kilosa, ikafika Dodoma, ikashika njia ya Tabora, na kila ilipokwenda ilikwenda na baba.

Kabla ya kuondoka aliniachia injini ndogo, inayotosha kwenye viganja viwili. Birika lake lilikuwa ganda la risasi ya mzinga, silinda yake kipande cha bomba. Ilikosa kitu kimoja tu.

"Gurudumu nitakuletea," alisema.

Asiyejua injini anaweza kudhani gurudumu ni pambo. La. Mvuke husukuma pistoni mpaka mwisho wa njia yake, kisha basi, umemaliza. Hapo lazima pawe na kitu kizito ambacho bado kinazunguka, kiirudishe pistoni ilikotoka. Bila gurudumu, injini ya baba ilisema "shu!" mara moja ikanyamaza. Niliiwasha mara nyingi katika miaka hiyo. Shu! Kisha ukimya, nami nimeinama juu yake kama mganga aliyeshindwa.

Mjomba si mtu mbaya. Ila kila nilipomuuliza baba atarudi lini, alijibu, "Yule? Yule ni mtani wetu tu." Ni kweli Waluguru na Wazaramo ni watani tangu mababu. Mtani akikunyakulia kitu hajaiba, amekiteka tu, na wewe mwenye kitu sharti uende mwenyewe ukakikomboe, kwa maneno matamu au kwa kuku. Kwa hiyo, ukifuata hesabu ya mjomba, mimi wa ukoo wake nilikuwa mtani wa baba yangu mzazi. Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, hasa wakati wa somo la hesabu.

Mwezi wa Julai, Hatibu, muuza chumvi anayepanda kwetu kutoka mjini Morogoro, alileta habari.

"We Gabrieli, nimemwona baba yako stesheni. Siku hizi yumo ndani ya gari la moshi lenyewe, anachochea moto. Kasema sikukuu ya Bikira Maria watapita Morogoro kwenda Dar es Salaam."

"Alisema lolote kuhusu gurudumu?"

"Gurudumu gani? Gari lake lina magurudumu tele."

Ama baba hakukumbuka, ama Hatibu alisahau. Niliamua kumlaumu Hatibu.

Siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wanafunzi wote huteremka mjini kuimba. Mpango wangu ulikuwa mfupi. Gurudumu halikuja, basi nitalitengeneza. Baba ataiona injini inazunguka, atajua nimekua na kwamba nafaa kazini, atanichukua tuondoke naye. Sikutaka kingine duniani, hata nyama.

Nilichonga kiolezo cha mti: ukingo mzito, kitovu kinene katikati, na mikono sita iliyonyooka kama askari. Nikakigandamiza katika udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga, hiyo ndiyo ikawa kalibu. Kwingine kalibu huanikwa juani. Upande wetu wa Uluguru ukungu hauna likizo, na kalibu yenye unyevu ikimiminiwa shaba ya moto hupasuka na kumwosha fundi uso. Kwa hiyo niliikausha juu ya jiko la misioni, na Agnes mpishi akawa anaigeuza kila asubuhi kwa uangalifu mkubwa, akidhani ni mkate wa Wajerumani.

Ndipo ikafika ile Jumanne. Yohana alishika mivukuto ya karakana ya misioni.

"Gabrieli, tutachapwa."

"Vukuta."

"Mimi niliipasua tu. Wewe unaipika!"

"Basi kila mtu ana sehemu yake. Vukuta."

Kesho yake shule nzima ililala mpaka jua likaingia madirishani. Mapadre walivisomea misa viti vitupu. Hakuna aliyewahi kuwapa vijana wa Uluguru zawadi kubwa kuliko ile, na sikupewa hata shukrani.

Bruda Bonifasi, mkuu wa karakana, hakuzunguka kutafuta. Alinijia moja kwa moja, akakuta mpini wa kengele mezani pangu.

"Kengele iko wapi?"

"Imepumzika, Bruda."

Nilikuwa tayari nimeishika nyundo, nikaivunja kalibu mbele yake. Gurudumu likatoka, la manjano, zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Mikono yake miwili ilikuwa imekatika.

Nilikaa chini. Bruda naye alichuchumaa, akasahau kwa kitambo kwamba alikuwa amekasirika, maana fundi ni fundi. Akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Kitovu chako kinene. Kinapoa mwisho. Kikipoa kinanywea, kinavuta. Mkono ulionyooka hauna pa kupinda, unakatika. Haya. Sasa tuje kwenye dhambi."

Hukumu ilikuwa hivi: alining'iniza kipande cha reli kwenye mfenesi nje ya bweni, na mimi nilitakiwa kuamka kabla ya wote, kila siku, nikipige. Alidhani ananiadhibu. Reli ikipigwa huvuma kwa muda mrefu baada ya nyundo kuondoka. Nilikuwa nikiweka sikio pale mpaka sauti iishe yote, kwa sababu chuma cha namna ileile kilikuwa kimelala chini kutoka Morogoro hadi mahali alipokuwa baba. Yohana alipoona hivyo aliwatangazia wenzetu kwamba nimeanza kuungama kwa reli.

Kiolezo cha pili nilikipa mikono mitano iliyopinda kama mundu. Nikaliyeyusha lile lililovunjika, ambalo Bruda hakuninyang'anya, nikamimina tena, nikangoja. Lilitoka zima. Nililikereza ukingo mpaka likaacha kuyumba, nikalifunga kwenye injini kwa skrubu moja, nikawasha moto, nikalisukuma kwa kidole.

Shu-shu-shu-shu-shu.

"Linakwenda," Yohana alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba.

Siku ya sikukuu tuliimba mjini, na mimi niliimba vibaya kuliko kawaida. Wenzangu walipopanga mstari kwenda kula, nilitoroka na furushi langu mpaka stesheni. Gari la moshi lilikuwa linanywa maji. Juu yake palisimama mtu mweusi kwa masizi, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, amevaa kofia ya kazi yenye mafuta.

"Shikamoo baba."

Alinitazama kwanza miguu, kisha uso, kama mtu anayepima mbao.

"Marahaba." Halafu utani ukamsaidia. "Waluguru leo mmeshuka! Migomba mmemwachia nani?"

"Tumewaachia nyani. Tumeona wana akili kuliko Wazaramo."

Alicheka, akaruka chini, akanishika shingo kwa mkono wake wa makaa, akausahau hapo. Nikafungua furushi. Aliiona injini yake, akaacha kucheka.

Alipanda akarudi na koleo lenye kaa la moto kutoka tumbo la lile gari kubwa. Tuliliweka chini ya birika langu, tukapiga magoti kwenye kokoto. Gurudumu likaanza. Baba aliinamisha uso karibu nalo, mpaka upepo wake mdogo ukamgusa ndevu.

"Nilikuahidi mimi."

"Ndiyo, baba."

"Mbona umeipinda mikono?"

"Iliyonyooka inakatika."

Aliifuata mikono ile kwa macho. Basi nikasema mimi, haraka, kabla ujasiri haujanitoka. "Nichukue. Najua kuchochea moto. Najua kukereza. Nitalala popote."

"Mimi nalala juu ya kuni, mwanangu. Leo huku, kesho kule. Na mjomba wako atasema nimekuteka."

"Si mtani? Niteke!"

Alifuta uso, masizi yakazidi. "Maji yameisha kwenye birika lako," alisema. "Kimbia ukalete, tulione tena."

Nilikimbia na kopo mpaka kwenye bomba. Filimbi ililia nikiwa narudi. Baba alikuwa ameshikilia ngazi, gari limeanza kujivuta. Nilitupa kopo, nikaruka, nikamnyakua kofia kichwani.

"Nimeiteka!" nilipiga kelele. "Mzaramo, njoo Uluguru uikomboe!"

Nilijiona mwerevu kuliko maaskofu. Lakini baba juu pale alikuwa anacheka huku macho yake yakifanya kazi nyingine. Akainua mkono. Kwenye kidole chake kulikuwa na kitu cha manjano kinachozunguka.

Niligeuka. Injini yangu ilikuwa imekaa kwenye kokoto peke yake, skrubu imewekwa juu ya birika kwa adabu kabisa.

"Mluguru!" aliita, na sauti ikawa inakwenda na moshi. "Njoo ulikomboe!"

Nimerudi misioni. Alfajiri napiga reli nikiwa nimevaa kofia yenye harufu ya mafuta, na Bruda hajaniambia niivue. Injini iko chini ya kitanda. Nikiiwasha inasema "shu!" mara moja tu, kama zamani, ila sasa sikai tena nikiiinamia. Najua gurudumu lake liko wapi, au angalau liko na nani.

Sheria ya utani iko wazi: aliyetekewa ndiye anayekwenda. Baba sharti aje huku kwa ajili ya kofia, na mimi, shule ikifungwa, sharti niende huko kwa ajili ya gurudumu. Nimekwisha kufunga furushi. Jambo moja tu linaninyima usingizi, nalo sijampata wa kumuuliza: je, tukipishana njiani?