Siku Niliyosafiri na Baba Mkwe

Ukitaka kujua mume wangu Anyisile ni mtu wa namna gani, nitakwambia jambo moja tu. Mwanamume huyu anaweza kuteremsha Landrova kutoka Tukuyu hadi Ipinda kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi, lakini kumwambia baba yake "hapana" hawezi. Hawezi kabisa! Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na nne, mimi Yunis, mke wa ndoa ya kanisani, nilijikuta nimechutama kwenye matete, mtoto mgongoni, kanga mpya imelowa tope, namtazama mume wangu akinipita na gari.

Gari lilikuwa la bwana wake, Mzungu mmoja wa shamba la chai. Bwana alikwenda likizo kwao Ulaya, akamwachia Anyisile barua ya ruhusa: siku nne za kupumzika, na gari atembee nalo lisije likaharibika kwa kukaa. Siku ya kwanza tuliteremka kwa wazazi wake, nje kidogo ya Ipinda. Jumapili lazima gari liwe limerudi Tukuyu. Katikati hapo mimi niliomba kitu kimoja tu, Jumamosi anipeleke Matema.

Kwetu ni Ikombe, kando ya ziwa, mbele ya Matema, ambako barabara haifiki, unakwenda kwa mtumbwi. Mama yangu, Tulinagwe, ni mfinyanzi wa vyungu. Nilikuwa sijamwona miaka mitatu, tangu niolewe. Mwezi wa sita kaka yangu Sadoki alituma habari kwamba macho ya mama yameingia ukungu. Kitu akikisogeza karibu bado anakiona, lakini hata hicho kinafifia, na ikifika masika huenda asione tena. Na mwanangu Naomi, wa miezi minane, mama alikuwa hajamtia machoni hata mara moja. Jumamosi wanawake wa Ikombe huleta vyungu Matema, na kabla ya saa sita wanarudi, maana mchana ziwa linachafuka. Nilijua kabisa kwamba nikiikosa Jumamosi ile, mama atamjua mjukuu wake kwa kumpapasa tu.

Basi saa kumi na mbili asubuhi nimeshaoga, nimeshamvalisha mtoto, nimekaa jikoni kwa mama mkwe, Felista, nasubiri kuitwa. Anyisile akaingia, uso umemshuka.

"Yunis," akasema, "baba amevaa koti."

"Koti gani?"

"Lile alilovaa kwenye harusi yetu. Na kofia. Ameshakaa garini, kiti cha mbele. Anasema naye anataka kwenda kuliona ziwa akiwa ndani ya gari la mwanawe."

Mama mkwe akapiga makofi, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mimi sikucheka. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si mchezo. Nikimwona anakuja njiani, naingia porini mpaka apite. Jina lake silitaji, na hata hapa sitalitaja. Wachungaji walikuwa wameshasema haya ni mambo ya kale, na Wakristo wa Ipinda waliitikia "amina" vizuri sana kanisani, halafu wakitoka nje wakwe wanaanza kukimbiana kama kawaida. Miaka mitatu ya ndoa, baba mkwe nilikuwa ninamjua mgongo tu.

"Mwambie mimi ndiye ninayesafiri," nikasema.

"Nitamwambiaje? Yumo mle tangu jogoo wa kwanza. Ameshawaaga majirani wote!"

Na mzee hakuwa na kosa. Alidhani mimi ninabaki jikoni na mama mkwe. Habari za mkamwana hazipelekwi ovyo ovyo kwa mkwe wake, kwa hiyo kila mtu alinyamaza akidhani mwingine atasema. Nyumba nzima ilijua safari yangu, isipokuwa mwenye nyumba.

"Nimepata akili," Anyisile akasema. Mungu wangu! Anyisile akisema amepata akili, jiandae. "Barabara ya Matema ni kona tupu. Wewe tangulia kwa miguu. Nitakupita na baba, nitamshusha mbele apunge upepo, nitarudi nikuchukue, nikushushe kabla ya kona umpite kwa porini, kisha nimchukue yeye nikupite tena. Kona zitatusitiri mpaka tufike."

Nilimtazama nikaona hana utani. Jua lilikuwa linapanda. Nikajifunga Naomi mgongoni nikatoka.

Kona tatu za kwanza mambo yalikwenda, siwezi kusema uongo. Nikisikia mngurumo nazama kwenye mpunga au nyuma ya migomba, gari linapita, naiona ile kofia imesimama wima. Baada ya kitambo Anyisile anarudi peke yake, jasho linamtoka, napanda, tunakwenda, nashuka. Kila mara alimdanganya baba yake kitu kipya: ameangusha jeki, anakwenda kutazama tairi, amemwona rafiki wa zamani. Nikamwambia, "Leo utaungama dhambi mpaka Jumatano."

Kona ya nne mzee akagoma. Nilimsikia kwa masikio yangu, nimejibanza pembeni ya barabara.

"Kila kona unanishusha! Mimi ni gunia la mchele? Gwe, wewe Anyisile, endesha!"

Na yule mume wangu akaendesha. Akanipita palepale, macho mbele kama hanijui, akaenda zake! Ndipo nilipokuwa kwenye yale matete niliyokutajia. Nilikasirika jamani, nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa nyoka. Nikatoka barabarani, nikakaza mwendo, ninalia na kutukana kwa pamoja, na Naomi anacheka mgongoni akidhani namwimbia.

Nilitembea hivyo kwa muda mrefu. Halafu nikasikia injini mbele inalia bila kwenda. Nikapenya pembeni kwenye matete nikachungulia. Palikuwa na mto mdogo usio na daraja, na Landrova imezama katikati yake, magurudumu ya nyuma yanachimba mchanga tu. Anyisile yuko kwenye usukani. Baba mkwe, na koti lake, amesimama majini anasukuma. Mara akateleza, akaketi ndani ya mto kama mtoto anayeogeshwa. Akainuka, akajaribu tena, wapi! Goti lake moja lilikuwa bovu. Mwisho akarudi kwenye kiti chake cha mbele akihema.

"Tungoje watu," akasema.

Watu gani? Tangu asubuhi sikukutana na zaidi ya vikongwe wawili na mbwa. Nikatazama jua. Ilikuwa yapata saa tano. Nikamwona mama yangu anafunga mzigo wake Matema, anapapasa njia kwenda mtumbwini. Nikasema, potelea mbali. Nikakaza mbeleko, nikavuta kanga kichwani mpaka kidevuni, nikaingia mtoni nyuma ya gari, nikaweka bega.

Anyisile aliniona kwenye kioo kile cha kutazamia nyuma. Macho yakamtoka, lakini kwa mara ya kwanza siku ile alifanya jambo la maana: akanyamaza, akakanyaga mafuta. Nilisukuma kwa hasira zote nilizokuwa nazo, za matete, za tope, za kofia. Mtoto wa mfinyanzi amezoea kubeba udongo tangu utotoni. Gari likanguruma, likarukaruka, likatoka ng'ambo!

Sasa nimesimama peupe katikati ya mto, sina pa kujificha. Baba mkwe amekaa mbele, hageuki.

"Anyisile," akasema polepole. "Waliotusukuma ni watu wangapi?"

"Mmoja, baba. Na nusu."

"Na nusu?"

"Ana mtoto mgongoni."

Nikaona shingo ya mzee inakakamaa.

"Anakwenda wapi?"

Ndipo Anyisile akayamwaga yote, mfululizo kama mtoto aliyekamatwa: mama mkwe wake wa Ikombe, macho yanayofifia, mjukuu ambaye hajaonwa, mitumbwi inayoondoka kabla ya saa sita, gari linalotakiwa Tukuyu kesho.

"Na wewe umenyamaza tangu Ipinda?"

"Ulikuwa umeshavaa koti, baba."

"Koti!" Mzee alifoka mpaka ndege wakaruka. "Mtu anakwenda kuonwa na bibi yake, wewe unaniambia koti! Unanitembeza kona kwa kona kama mzee asiye na akili!" Akavua kofia, akaitundika juu ya kile kioo, kikafunikwa chote. "Mwambie apande nyuma. Mimi nitatazama mlimani, shingo yangu haitageuka. Na wewe kimbiza gari, gwe, kabla sijakupiga bakora mbele ya mkeo!"

Nikapanda nyuma. Nikasema taratibu, "Ndaga, asante," nikiiambia turubai.

Kutoka pale barabara ndiyo inakuwa tamu. Inapanda kwenye bega la kilima, inazunguka, inashuka, inazunguka tena, milima kushoto imesimama kama ukuta, halafu kwenye kona moja ghafla ziwa lote linafunguka upande wa kulia. Maji ya buluu mpaka macho yanachoka. Nilipiga kelele bila kujua. Kisha nikamwona baba mkwe. Amekaza shingo kushoto, anatazama mawe na majani makavu. Mzee aliyeamka na jogoo wa kwanza kwa ajili ya ziwa, ziwa liko hapo na halioni, kwa sababu yangu.

Iliniuma. Kuongea naye siwezi. Lakini kuongea na mwanangu nani atanikataza? Nikamshusha Naomi nikamweka mapajani.

"Naomi, mwanangu, tazama ziwa," nikasema kwa sauti ya kutosha. "Karibu na mchanga maji ni ya kijani, mbele kule ni buluu tupu. Kuna ndege weupe juu ya jiwe. Kuna wanawake wanafua, na nguo nyekundu wameianika kwenye mchanga."

"Hm," akaguna mzee, anatazama mlima.

Kona nyingine. Nikamweleza Naomi jinsi milima inavyoingia majini kule Ikombe. "Hm." Kona nyingine. Mzee akakohoa.

"Anyisile, hebu muulize huyo mtoto. Mitumbwi anaiona?"

Nikanyanyuka nikatazama Matema chini yetu.

"Naomi," nikasema, "mitumbwi ni minne. Imeshatoka ufukweni."

Sikujua mzee mwenye goti bovu anaweza kurukia usukani namna ile. Alinyoosha mkono mbele ya Anyisile, uso bado kushoto, akabana honi. Hakuachia. Tulishuka kona zote zilizobaki honi inalia, mbuzi wanakimbia, watu wanatoka majumbani, Anyisile anapiga kelele, "Baba, sioni njia!" na baba anajibu, "Mimi naiona? Endesha!"

Mitumbwi mitatu ilipiga makasia kwa nguvu zaidi. Baadaye tuliambiwa walidhani ni watu wa serikali. Wa nne ukasita. Ukayumba pale majini, halafu, Yesu wangu, ukageuza pua.

Mama aliteremka akishikwa mkono na Sadoki. Nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa ananikabili lakini anatazama pembeni yangu kidogo, na hapo nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Akaketi mchangani, akasema, "Nipe." Nikampa Naomi. Akamgeuza kwenye jua, akamsogeza mpaka pua zao zikagusana, akamtazama sehemu moja moja, paji, nyusi, kidevu, huku kidole gumba kinapita kwenye sikio la mtoto kama anavyolainisha mdomo wa chungu.

"Ana paji la baba yako marehemu," akasema. "Na meno mawili. Haya nayaona, Yunis. Nayaona."

Tulikaa hivyo sijui muda gani. Sadoki akasema ziwa limeshachafuka, watalala Matema leo. Halafu mama akainua uso kuelekea majini, akakunja macho.

"Pale kuna kitu cheusi. Ni kisiki?"

Nikageuka. Baba mkwe alikuwa ameshuka garini kabla halijasimama vizuri, akavua viatu, akaingia ziwani moja kwa moja ili anipishe ufukwe. Amesimama maji ya magoti, na koti lake, mgongo kwetu, anatazama ng'ambo, upande wa Nyasaland.

"Ni baba mkwe, mama."

Mama alicheka mpaka akaniegemea. Na yeye kule akasikia kicheko, akapaza sauti bila kugeuka.

"Anyisile! Bibi ameshamwona mjukuu?"

Anyisile akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Bado anamtazama, baba!"

"Amtazame vizuri. Mtu asimharakishe." Akapandisha suruali, akasogea hatua moja mbele. "Mimi huku maji ni mazuri."

Mawimbi yalianza kumpiga mapajani, yakampiga kiunoni, pindo za koti zikaelea pande zote mbili, na hakugeuka.