Miche Iliyotolewa Nje

Refa aliumia goti akimwonyesha mchezaji kadi nyekundu. Mchezaji mwenyewe hakumgusa. Refa alinyanyua kadi juu, akarudi nyuma kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, akakanyaga mpira wa akiba ulioachwa pembeni mwa uwanja, akaenda chini mzimamzima. Watazamaji walishangilia kuliko walivyoshangilia bao. Naye pale chini, goti likiwa limeelekea kusikojulikana, hakuushusha mkono wenye kadi mpaka mchezaji alipotoka.

Daktari alimwambia asikimbie, asipande ngazi, wala asisimame kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo niamue mechi nimekaa?" aliuliza Refa.

"Usiamue mechi," alisema daktari.

Basi akabaki nyumbani, na nyumba ikapata refa. Mkewe alikuwa mkunga. Alikuwa akirudi kutoka kuzalisha watu, miguu imevimba, anakuta mumewe amekaa kwenye kigoda, goti liko juu ya kigoda cha pili, anamweleza kwamba asubuhi aliacha mlango wa jikoni wazi, na kwamba hilo ni onyo la mwisho.

Mkunga alivumilia. Kazi yake ilimfundisha kwamba kelele nyingi huisha zenyewe. Hizi hazikuisha. Siku moja akarudi na pakiti ya mbegu za maua, yenye picha ya zinia nyekundu, za rangi ya machungwa na za waridi, akaiweka mapajani mwa mumewe.

"Hizi zinahitaji mtu wa kuzikodolea macho kutwa," alisema. "Na uzuri wake, hazina masikio."

Ndani ya nyumba hiyo aliishi pia mama yake mkunga. Alikuwa mshonaji wa sare za shule aliyestaafu, ingawa cherehani lake halikuwa na habari za kustaafu. Mama huyu hakuwa ameongea na mkwewe kwa miaka mingi. Hakumnunia. Alimpikia, alimshonea suruali, na alipougua alimwombea kwa machozi. Ila neno la moja kwa moja, la mdomo wake kwenda kwenye sikio la Refa, halikutoka.

Sababu ilikuwa Kiberiti, kitinda mimba wake, ambaye zamani alicheza winga. Katika fainali moja, Kiberiti alimpiga teke la mbavu kipa aliyekwisha kuudaka mpira, na Refa, shemeji yake wa ndoa, akamtoa nje. Timu ikafungwa. Kiberiti alisahau baada ya juma moja, akaenda kuendesha malori, na kila akipita alimletea shemeji yake zawadi. Mama hakusahau. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alisema, na mwanawe hakumgusa yule kipa hata kwa kivuli.

Tangu hapo, akiwa na jambo la kumwambia mkwewe, alimtuma mtu. Asipokuwapo mtu, alituma chombo.

"Birika wewe," alikuwa akisema asubuhi, "kuna mtu hapa chai yake inapoa."

"Asante, mama," Refa alijibu, na mama aliliangalia birika kana kwamba ndilo lililoshukuru.

Kwenye ua wa nyuma, uliosakafiwa kwa saruji, Refa alipanga makopo matupu ya rangi kando ya ukuta. Hakuwahi kupanda kitu maishani mwake. Alijaza udongo, akazizika mbegu kwenda chini kabisa, kama mtu anayeficha ushahidi, kisha akamwaga maji asubuhi na jioni bila kukosa. Hakuna kilichoota. Akaongeza maji. Makopo yakaanza kunuka, na juu ya tope vikaonekana viluwiluwi vikicheza.

Mama alitoka kufagia, akachungulia.

"Ufagio," alisema, "muulize mwenye makopo kama ameanza kufuga mbu."

Ndipo Refa alipogeuza kopo na kuona kwamba maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea. Alimwaga yote, akatoboa matako ya makopo kwa msumari, akaomba samadi kwa jirani mwenye mbuzi, akachanganya na mchanga. Safari hii mbegu alizifunika kwa udongo mwembamba tu. Akavaa filimbi yake shingoni kwa ajili ya shomoro. Alipopuliza mara ya kwanza, shomoro wote waliruka. Baada ya siku chache walikuwa wakimtazama tu na kuendelea kudonoa, kama wachezaji wazoefu.

Hata hivyo zikaota. Asubuhi hiyo Refa alimpigia simu mkewe kazini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Zimetoka!" alisema.

"Nani katoka?"

"Mbegu!"

"Na huku kuna mtoto anatoka," alisema mkunga. "Nitakupigia."

Refa hakukasirika. Alikaa akivitazama vijani vile, akashangaa kuona kwamba anajifuta macho. Alijikaza kisabuni na kusingizia vumbi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Lakini jambo halikuwa jepesi. Katika kila kopo kulikuwa na miche ya aina mbili. Aina moja ilikuwa myembamba, dhaifu, yenye majani mawilimawili yaliyoinama kama watoto waliochelewa shule. Nyingine ilikuwa ya kijani kizito, imesimama, imejaa nguvu. Refa alifahamu kwamba moja ni maua na nyingine ni gugu lililokuja na samadi. Angeweza kungoja. Angeweza kumwuliza jirani. Lakini refa anayeuliza watu amekwisha poteza mechi. Aliitazama picha ya pakiti, yale maua makubwa yenye afya, akaamua kwamba mzazi wa namna ile hawezi kuzaa dhaifu wa namna hii.

"Nje," alisema, akang'oa mche mwembamba. "Nje. Na wewe, nje."

Akaitupa yote karibu na mtaro, akaingia ndani kupumzisha goti.

Mama alikuwa ameona kila kitu kupitia dirisha, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Kuhusu maua hakujua lolote. Maisha yake yote hakuotesha chochote isipokuwa watoto. Lakini kuna jambo moja alilijua vizuri: aliyetolewa na yule mtu, ameonewa. Alitoka polepole, akaiokota miche kwa upindo wa gauni, akaipanda katika beseni lililopasuka, nyuma ya bafu, ambako mkwewe hakuwa na shughuli. Hakuiambia nyumba kitu.

Makopo ya Refa yakastawi. Mimea ilipanda mpaka usawa wa magoti, ikapita, ikafika kiunoni. Aliifungia vijiti isianguke. Rafiki yake wa kazi, mshika kibendera waliyezunguka naye viwanja vyote, alipokuja kumjulia hali, alipelekwa uani kabla hajapewa maji.

"Maua gani haya?" aliuliza Kibendera.

"Zinia."

"Na ua lenyewe?"

"Linakuja."

Kibendera aliitazama picha ya pakiti, akautazama mmea, akamtazama mtu ambaye hajawahi kumpinga mbele ya watu.

"Kutoka hapa niliposimama," alisema, "naona ni zinia."

Kilichokuja hakikuwa ua. Zilikuja punje za kijani zenye vimiiba, zikang'ang'ania suruali ya Refa, zikaingia naye sebuleni, zikafika kitandani. Mkunga aliamka akijikuna, akaanza kuzichomoa kwenye shuka moja moja.

"Mume wangu, lile ni gugu."

"Ni zinia changa."

"Limezaa miiba."

"Hata waridi lina miiba."

"Haya," alisema mkunga, akivuta nyingine kwenye nywele zake. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Baada ya hapo Refa alikuwa akienda uani mara chache. Alikaa sebuleni na kutazama ukuta, na alipokuta mlango wa jikoni uko wazi aliufunga mwenyewe bila maneno. Mkunga akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Mchana mmoja upepo ukaangusha kamba ya nguo, na Refa akazunguka nyuma ya bafu kutafuta mti wa kuitegemezea. Mama alikuwa pale, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkasi mkononi. Mbele yake beseni lililopasuka lilikuwa limefurika maua: mekundu, ya machungwa, ya waridi. Yalikuwa yale yale ya kwenye pakiti.

Refa alisimama. Viwanja vizima vilishamtukana, yeye, mama yake na macho yake, na hakuwahi kupepesa. Sasa masikio yalimwaka. Alielewa miche ile ilikotoka na nani aliitupa. Akakaribia, akichechemea.

"Mama," alisema. "Nilikosea."

Mkasi ukasimama hewani.

"Beseni," alisema mama kwa sauti ndogo, "mwambie arudie."

"Nilikosea. Nilitoa nje haraka haraka. Sikutazama vizuri."

Mama aliweka mkasi chini. Akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu ile fainali akamtazama mkwewe usoni.

"Mwanangu," alimwambia yeye, si beseni. "Miaka yote hii nilikuwa najua. Nilisema, huyu si mtu mbaya, siku moja atakiri. Mtoto wangu hakumgusa yule kipa."

Hapo Refa alikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo lilikuwa kunyamaza. Hata mtoto angeliona. Amani ya nyumba ilikuwa imekaa juu ya ndoo mbele yake, inalia kwa furaha, imemwita mwanangu. Naye aliitaka amani hiyo. Aligundua, kwa mshangao, kwamba alikuwa ameitaka siku nyingi. Akaufunga mdomo. Ukafunguka.

"Mama, mimi nazungumzia maua," alisema. "Kiberiti alimpiga teke kipa."

"Teke?"

"La mbavu. Mpira ulikuwa mikononi mwake."

Mama aliinuka. Hakuinuka hivyo tangu ujana wake.

"Toka!" alisema. "Toka mbele yangu, mpumbavu wewe! Watu hawana macho, hawana hata aibu! Maua hujui, mpira hujui, sijui mwanangu alikuokota wapi!"

Mkunga aliporudi jioni, alimkuta mumewe kwenye ngazi ya mlango wa mbele, goti limenyooshwa.

"Mama amenifukuza," alisema Refa.

"Amemtuma nani?"

"Hakumtuma mtu. Ameniambia mwenyewe. Ameniita mpumbavu."

"Wewe? Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso."

Mkunga aliweka mkoba chini, akakaa karibu naye.

"Mungu mkubwa," alisema. "Na wewe ulimjibu?"

"Nilimwambia nashukuru."

Asubuhi iliyofuata kulisikika ngumi mlangoni mwa chumba chao. "Wewe! Amka uje uone! Majani yana unga mweupe, umeyafanya nini?" Refa alitoka na fulana ya kulalia. Ni kweli, majani ya zinia yalikuwa na madoa meupe. Mama alisema ni mkono wa mkwewe. Refa alisema ni maji ya sabuni kutoka bafuni. Mama alisema sabuni haijaua mtu. Walibishana mpaka jua likawachoma, kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika, walilibeba beseni pamoja, yeye mguu mmoja na mama mgongo mmoja, wakaliweka mahali penye upepo, wakakata majani yaliyoharibika na kuanza kumwagia shinani tu. Unga ukapungua. Kila mmoja alijua ni kwa ushauri wake.

Kiberiti alipopita na lori lake, mama hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ulimpiga teke yule kipa?"

"Kipa yupi, mama?" aliuliza Kiberiti. "Niliwapiga wengi."

Mama alirudi jikoni, akapakua chakula, na minofu yote ikaenda kwenye sahani ya mkwe. Kiberiti alipata mchuzi. Aliutazama, akamtazama shemeji yake, akala.

Magugu kwenye makopo yaling'olewa kwa taabu, maana mizizi ilikuwa imejaza kopo zima na kutokea kwenye matundu ya msumari. Maua ya beseni yalipokauka, mama alifungua vichwa vyake kwa sindano ya kufumulia nyuzi, Refa akizipokea mbegu kwenye kiganja, na wakaotesha upya makopo yote. Safari hii miche ya aina mbili ilipochomoza, waliiacha yote ikue mpaka kila moja ijulikane ni nani.

Daktari aliliminya goti, akalikunja, akamwambia anaweza kurudi uwanjani taratibu. Asubuhi ya mechi yake ya kwanza, Refa alivaa sare nyeusi, akaenda uani kumweleza mama kuhusu maji: kopo la kwanza kidogo, la pili zaidi kidogo, lile la mwisho lisiguswe.

"Nenda," alisema mama. "Unachelewa."

Alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakuta makopo yote yamehamishiwa ukuta wa pili, na lile la mwisho limelowa. Waliligombania jambo hilo mezani mpaka chakula kikapoa. Mkunga, ambaye alikuwa na zamu ya alfajiri, alimaliza sahani yake, akaiosha, akaenda kulala.