Mpira Uliopita Kati ya Umutoni na Mapendo

Msimu ule timu ya wasichana wa Nyamitaba, waliyoiita Malisho, ilikuwa kama mtungi wenye ufa. Mbele walifunga mabao mpaka wapinzani wakaona haya, na nyuma wakayarudisha moja moja. Siku za kushinda walishinda manne kwa matatu, na wazee waliokaa kwenye majani kando ya uwanja wakarudi nyumbani wameshika vifua. Na haukuwa msimu wa kuchezea. Timu itakayomaliza ya kwanza ingepanda daraja, ikacheze na timu za Goma, na tangu ng'ombe waanze kufukuzwa kwenye uwanja ule ili mpira uchezwe, hakuna timu ya Nyamitaba iliyowahi kupanda, ya wanaume wala ya wanawake.

Kapiteni alikuwa Umutoni binti Mukasine, beki wa kati, mrefu, mwenye miguu iliyokomazwa na milima. Asubuhi alishusha bidoni za maziwa ya mama yake hadi mahali magari yalipoyachukua, jioni akaenda mazoezini. Nyuma yake golini alisimama Laetitia, rafiki yake tangu shule ya msingi. Hao wawili walijuana hata kwa kikohozi. Mpira wa juu ukija, Laetitia aliita "Umu!" na Umutoni akajua kwamba huo ni wake, akaruka bila kutazama nyuma. Jina lake katika sauti ile lilimtia nguvu kuliko makofi ya uwanja mzima.

Beki mwenzake alipoolewa huko Mweso na kuacha mpira, pengo lile lilijazwa na Mapendo.

Mapendo alitoka Ntoto, kule Walikale, misitu inakoanzia. Alikuja kukaa kwa shangazi yake aliyeuza mafuta ya mawese sokoni. Alikuwa mfupi, mnyamavu, na mkononi alivaa uzi mwembamba wa gamba la mti aliofungwa na nyanya yake. Mpira alijifunza na kaka zake, kwenye udongo unaoteleza kwa mvua mwaka mzima, kwa hiyo hapa penye majani makavu alisimama kama mwiba. Kocha, Papa Nzabandora, alimjaribu jioni moja tu, kisha akamwambia arudi kesho na keshokutwa.

Mwanzoni Umutoni alimpokea vizuri. Alimpa soksi zake za zamani, akamwonyesha njia ya mkato ya kwenda kisimani. Kilichomchoma kilikuja kidogo kidogo. Mechi ya kwanza, Mapendo alimnyang'anya mpira mshambuliaji aliyekuwa amebaki na kipa peke yake, na uwanja ukasimama. Umutoni alikuwa ameokoa mipira ya namna ile miaka mingi, na watu walikuwa wamezoea, hawasimami tena. Kisha akamkuta Laetitia na Mapendo wamekaa wanagawana muhindi wa kuchoma, wanacheka. Walimsogezea nafasi, akasema ameshiba. Hata nyumbani hakupumzika: mama yake, aliyekuwa hasifu mtu bure, alisema yule mutoto wa Ntoto ana roho ya kazi.

Halafu siku moja, katikati ya kelele, kona ikapigwa, na Laetitia akaita, "Mapendo!"

Mpira ulikuwa wa Mapendo kweli. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Lakini Umutoni alilisikia jina lile kama mtu anayesikia mume wake akimwita mwanamke mwingine kwa upole. Akaruka naye. Wakagongana, mpira ukaanguka miguuni kwa mgeni, na bao likaingia.

Tangu hapo nyuma pakaharibika. Siku nyingine Umutoni aliufuata mpira usio wake. Siku nyingine aliuacha wake upite, akijiambia moyoni: si njo yeye wanayemutaka, basi auchukue. Mipira ikawa inapita palepale, katikati ya hao wawili, kama mbuzi waliojua tundu la uzio. Papa Nzabandora alihangaika. Aliwabadilishia nafasi, akaongeza beki wa tatu, akawakimbiza kilimani mpaka wengine wakatapika. Hakuna aliyejua dawa kwa sababu hakuna aliyejua ugonjwa, ila mmoja, na huyo hakusema.

Alichosema kilikuwa kingine. Asubuhi moja, kwenye foleni ya maziwa, akina mama walikuwa wanauliza mabao yale yanatoka wapi. Umutoni aliweka bidoni yake chini.

"Miye sisemi kitu," alisema. "Lakini tangu akuje na ule uzi wake wa ku mukono, nyuma kwetu hakufungi tena."

Akabeba bidoni, akaenda. Lilikuwa neno moja tu, lakini neno la foleni lina miguu mingi. Kufikia Jumapili ilisemwa kwamba mwindaji fulani wa Walikale amefunga kitu kwenye uzi ule, kwamba mutoto yule anauza bahati ya timu kwa wapinzani. Wateja wakaanza kulipita sinia la mawese la shangazi yake. Mama mmoja alirudisha chupa aliyokwisha kununua. Shangazi hakugombana na mtu. Jioni ile alirudi na mzigo wake kichwani, mzima kama ulivyotoka, na kesho yake Mapendo hakuonekana mazoezini.

Umutoni alitegemea kufurahi. Siku mbili tatu alifurahi kweli. Laetitia akaita tena "Umu!", na mazoezini kila kitu kilionekana kimerudi mahali pake.

Jumamosi ikaja timu ya Sake. Malisho walifungwa matano, nyumbani, mbele ya mama zao. Umutoni alikimbia mpaka macho yakaona giza, lakini kila alipokwenda kulia, tundu lilifunguka kushoto, na hapakuwa na mtu wa kuliziba. Ndipo alipoelewa ni mara ngapi yule mfupi alikuwa amepita nyuma yake kimyakimya akisafisha alichokiacha. Hakuwa ameyaona hayo, kwa sababu alikuwa akitazama vitu vingine.

Baada ya mechi Laetitia alikaa golini akivua glavu taratibu. Umutoni akamfuata. Akataka kulaumu mvua, akataka kumlaumu mwamuzi. Laetitia alimwacha amalize.

"Unajua juu ya nini nilianzaka kuita Mapendo kila mara?" akauliza. "Juu nikikuita weye, haukuwa unaitika tena. Unaniangalia kwanza kama kusema nimekukosea. Na mupira haungojake."

Kisha akamwambia kwamba amesikia habari ya uzi, na kwamba hajauliza ni nani aliyeianzisha, kwa sababu anaogopa jibu. Akaokota glavu zake akaondoka peke yake.

Umutoni hakula jioni ile. Asubuhi alikwenda kwa shangazi, akamkuta Mapendo uani anamenya ndizi. Aliongea kwa muda mrefu, akizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kamba, mpaka akafika: neno lile lilikuwa lake. Mapendo hakuacha kisu.

"Nilijua," alisema. "Na hapa si njo pahali ulilisemea."

Akaendelea na ndizi zake.

Kwa hiyo kesho yake Umutoni alisimama kwenye foleni ya maziwa, mbele ya wale wale akina mama. Ulimi ulimwia mzito kuliko bidoni. Aliwaambia kwamba uzi ule ni zawadi ya nyanya kwa mjukuu, na kwamba mabao yaliingia kwa sababu yeye, kapiteni, alikataa kucheza na mwenzake kwa wivu. Wengine walicheka. Wengine waliguna na kutazama pembeni. Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma na bidoni ya pili, alisikia yote. Siku hiyo alinunua mawese ya wiki mbili, akayabeba sokoni kote ili yaonekane.

Mapendo alirudi mazoezini. Umutoni alimpa mkono, naye akaupokea kama mtu anayepokea chenji.

Mechi ya mwisho ilikuwa Shasha, chini kule kando ya ziwa, na kwa kuwa mabao ya mbele yalikuwa yamewabakiza kileleni, sare ingewatosha. Walishuka kwa lori, wakaimba mpaka Mushaki, baada ya hapo wakanyamaza kwa woga. Joto la Shasha liliwakuta na miili ya mlimani. Kabla hawajazoea walikuwa wameshafungwa, na haukuwa uzembe wa mtu: shuti zuri tu, la mbali. Kipindi cha pili Malisho wakasawazisha. Ndipo Shasha yote ikapanda juu yao, mpira baada ya mpira, na wavuvi waliotoka ufukweni wakipiga makasia chini.

Mwishoni ilipigwa krosi ndefu. Umutoni aliuona mpira ukija, akaona ni wake. Miguu yake tayari ilikuwa imekunjwa kuruka.

"Mapendo!" Laetitia aliita.

Jina lile lilimchoma vilevile. Uchungu haukupungua hata chembe. Lakini safari hii aliigeuza miguu, akakimbilia nyuma ya Mapendo, kwenye mstari wa goli. Mapendo aliruka, mpira ukamgusa utosini tu, ukapoteza njia, ukadondoka mbele ya goli tupu, na hapo ndipo Umutoni alipokuwa amesimama. Aliupiga bila uzuri wowote, ukaenda mpaka kwenye shamba la mihogo la mtu. Walipokuwa bado wanautafuta, filimbi ikalia.

Malisho wakapanda daraja. Papa Nzabandora alikaa chini akalia kama mtoto. Laetitia alitoka golini mbio, na wa kwanza kumkumbatia alikuwa Mapendo. Umutoni alikuwa wa pili. Alihesabu, ingawa alijikataza kuhesabu.

Juma lililofuata kocha alisema kwamba huko Goma Mapendo ndiye atakayeongoza mabeki kwa sauti, kwa sababu anaona uwanja kuliko wote. Umutoni angebaki kapiteni. Alijibu kwamba ni sawa. Jioni alikamua ng'ombe kwa hasira hata Mukasine akamuuliza mnyama yule amekosa nini, naye akasema, "Hakuna, mama," akalegeza vidole.

Yeye na Mapendo hawakuwa marafiki, si mwaka ule. Lakini kesho yake Umutoni alifika uwanjani wa kwanza, akafukuza ng'ombe peke yake, na Mapendo alipotokea, akamuuliza anataka yeye kapiteni asimame wapi.