Unono wa Maji

Siku mtoto alipoacha kucheza tumboni mwangu, kikapu changu cha pareto kilikuwa kimejaa nusu. Nilisimama katikati ya mistari, maua meupe yakinifika magotini, nikaweka kiganja chini ya kitovu na kungoja. Kila asubuhi, jua likitoka nyuma ya mlima, alikuwa akinipiga teke upande wa kulia, palepale, kama mtu anayegonga mlango wa jirani kuomba moto. Asubuhi ile hakugonga. Nikajiambia amechoka. Mimi mama yake nilikuwa nimechoka. Kwa nini yeye asichoke? Nikainama tena, nikajaza kikapu.

Hilo ndilo ninalotaka msichana atakayesoma daftari hili alijue kwanza. Nilijaza kikapu.

Ulikuwa mwaka wa 1941, wakati wa vita vya Wazungu, na mashamba ya pareto yalitaka mikono kila siku. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeolewa Karuba, mbali na kwetu Kalembe, pale milima inapoanza kuingia msituni. Evode, mume wangu, alinikuta huko alipokwenda kwa kazi ya barabara. Nilipofika kwao, baada ya siku tatu za kutembea nyuma yake, mama yake alitoka nje, akanizunguka kama anayechagua ndama, kisha akapaza sauti mpaka majirani wakasikia:

"Evode! Nilikutuma utafute muke, unaniletea fimbo ya kuchungia ngombe?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, maana bibi-arusi afanye nini? Jina likanishika. Fimbo, leta maji. Fimbo, pepeta maharagwe. Mama mkwe wangu huyo, Mukandori, hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa akiniita fimbo huku mkono wake unaniongezea chakula. Lakini mimi nilikuwa nimekua kwa ndizi, uyoga na nyama ya moshi. Maziwa ya Karuba yalikuwa yakinirudi. Nikabaki fimbo.

Siku zenyewe zilifanana mpaka sikujua ipi ni ipi. Kuamka kabla ya kuku, kushuka mtoni, kupanda na mtungi, kuwasha moto kwa kuni zenye umande, kwenda pareto, kurudi na kikapu mgongoni na kamba yake ikinikata paji la uso, kusimama kwenye mstari wa mizani, kurudi nyumbani na kukuta viazi vinangoja kumenywa. Mimba ilinikuta katikati ya hayo, nayo ikaingia kwenye mstari pamoja na mengine. Sikumbuki kama nilifurahi. Nakumbuka nilitaka kulala.

Mimba ilipofika mwezi wa saba nikaanza kunona.

Miguu ilianza. Viatu nilivyofungia ndoa misioni, vya ngozi nyeusi, vilikataa kuingia. Kisha mikono, pete ikazama kwenye kidole kama kamba kwenye mti unaokua. Kisha uso. Asubuhi moja Mukandori alinishika kidevu mlangoni, akanigeuza kwenye mwanga, akaanza kupiga vigelegele peke yake.

"Mukuje muone! Musitu ulitupa fimbo, sisi tumeifanya muntu!"

Wanawake wakaja. Wakanifinya mashavu. Mmoja akasema, "Huyu anakula na mume wake ao anakula mume wake?" Tukacheka mpaka nikalazimika kukaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Fimbo. Mukandori alinipitisha kwa majirani kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake wa kwanza. Nami nilitembea polepole, mikono mbele, ili pete ionekane jinsi ilivyozama.

Kichwa kiliniuma. Mchana mweupe niliona vimulimuli vikielea juu ya maua. Nilimwambia wifi yangu Euphrasie, tuliyechuma naye mstari mmoja.

"Ni pareto hiyo," akasema. "Harufu yake inatuuma sisi wote. Utakapozaa itaisha."

Ni kweli harufu ya pareto huumiza kichwa. Ndiyo sababu nilimwamini.

Sasa niseme habari ya mizani, maana hapo ndipo ninapojilaumu. Juu ya mlima wa pili, mwendo wa saa mbili, watawa tuliowaita Masera walikuwa na zahanati. Kila Jumatano waliwapima wanawake wenye mimba. Mwanzoni nilikwenda mara moja, wakanipa karatasi ngumu yenye jina langu, Anastasie. Nilikuwa nimesoma miaka minne kwa katekista wetu, niliweza kuisoma. Iliandikwa kwamba nirudi kila mwezi, na kila wiki mimba ikikomaa.

Mukandori aliposikia kwamba walinisimamisha juu ya mizani, aliweka chini kibuyu cha maziwa.

"Kwa mizani tunaweka maua," akasema. "Tunaweka viazi. Muntu hajazaliwa, munamupima mumuuzie nani?"

Evode alitazama paa. Huo ndio ulikuwa ujasiri wake siku zile. Baadaye, tulipokuwa wawili tu, aliniambia, "Ukitaka kwenda, enda. Nitasema na Mama."

Sikwenda. Watu wakisimulia habari yangu humtupia lawama mama mkwe, na mimi kwa miaka mingi niliwaacha wamtupie. Lakini hakunifunga kamba. Nilikuwa na ruhusa ya mume wangu na karatasi niliyoweza kuisoma. Niliikunja, nikaiweka chini ya mkeka. Nilikuwa nimechoka, na kupanda mlima kwa miguu ile kulinishinda hata kukufikiria. Tena nilikuwa nimenona. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa nimewapendeza watu. Niliogopa Masera watanitazama na kusema neno lingine.

Basi siku ile hakugonga, nami nikajaza kikapu. Kesho yake hakugonga, nikajaza kingine.

Mchana wa siku hiyo ya pili mama yangu mzazi alifika kutoka Kalembe. Kwetu, uzazi wa kwanza ukikaribia, mama huja kukaa na binti yake. Alikuja na nyama ya moshi ndani ya majani, mafuta ya mawese kwenye chupa, na kitambaa cha gome la mti cha kumbebea mtoto, alichokigonga mwenyewe mpaka kikalainika kama sikio la mbuzi. Nilimsikia akibisha hodi nikiwa nimeketi ukutani. Mukandori alimpokea kwa mikono miwili, akamvuta hadi mbele yangu.

"Mama Anastasie, angalia mutoto wako! Tumemulisha ao hatukumulisha?"

Mama yangu hakunisalimu. Alitua mzigo wake chini, akapiga magoti kwenye vumbi, akashika mguu wangu, na kwa kidole gumba akabonyeza mfupa wa mbele, juu kidogo ya kifundo. Alibonyeza muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaondoa kidole.

Shimo likabaki.

Tulilitazama sote watatu. Lilikuwa na umbo la kidole chake, na kucha yake ilionekana. Kuku alipita. Shimo lilikuwa bado lipo.

"Mama Evode," mama yangu alisema taratibu, bila kuinuka, "hii haiko mafuta. Hii ni maji."

"Mutoto iko anacheza?" mama yangu akaniuliza.

"Amelala," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

Hakunipigia kelele. Alichukua kile kitambaa cha gome, akakikunja mara mbili, akakirudisha ndani ya mzigo wake na kuufunga. Nilipoona anafunga fundo, nikajua.

Walinibeba kwa ngobyi, kile kitanda cha fito ambacho watu wanne hukiweka mabegani. Evode alishika mbele. Wanaume walipanda wakiimba kwa pumzi fupi ili wapatanishe hatua, na mimi nilikuwa natazama mawingu yakitikisika. Nyuma yangu nilimwona Mukandori akitembea, mwanamke mnene, akihema, na mikononi amebeba viatu vyangu vyeusi. Hakuna aliyemwambia avilete. Sijui alifikiri nini. Labda alifikiri nitarudi navyo miguuni. Hapo vimulimuli vikaja vingi kwa pamoja, na sikumbuki tena mlima.

Waliniambia baadaye kwamba nilitetemeka kama mti unaokatwa, kwamba niliuma ulimi, kwamba Masera wawili na mwuguzi wao kijana, Léonard, walinishika mpaka jioni. Nilipoamka niliona ukuta mweupe. Tumbo lilikuwa limeshuka. Mama yangu alikuwa ameketi kando ya kitanda akinipaka maji mdomoni.

"Mutoto gani?" nikamwuliza.

"Musichana," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kunidanganya, akaongeza, "Alikuwa na nywele nyingi."

Léonard alikuja na kalamu. Aliuliza karatasi yangu iko wapi. Evode alisema hatuna. Nikasema tunayo, chini ya mkeka.

Léonard aliweka kalamu chini. Alikuwa kijana, na uso wake haukujua bado kujificha. "Jumatano moja, mama," akasema. "Jumatano moja tu tungeona."

Mlangoni Mukandori alikuwa amesimama na viatu vyangu. Nadhani hadi leo anasikia maneno yale, maana hata mimi nayasikia.

Maji yalinitoka kwa siku kumi. Niliporudi Karuba nilikuwa fimbo tena, na hakuna aliyecheka. Mukandori alinipikia, akanifulia, lakini hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu. Nilipopita na mtungi, nilipokuja kutoka shambani, macho yake yalishuka chini kwanza. Mwaka mzima hatukuzungumza neno moja juu ya yule msichana.

Mimba ya pili ilikuja mwaka wa 1943. Sikumwambia mtu. Jumatano moja asubuhi nilimkuta Mukandori ameketi nje, amevaa kitambaa chake cha misa, fimbo ya kutembelea mkononi, na ile karatasi yangu ya zamani imekunjwa kwenye pindo la nguo. Sikujua alikuwa ameihifadhi.

"Twende," akasema. "Jua litatupata kwa mulima."

Tulipanda pamoja, tukipumzika kila kona. Nilipopanda kwenye mizani alisogea karibu akainama, ingawa hakujua kusoma hata tarakimu moja, na hakurudi nyuma mpaka ule mshale ulipoacha kutikisika. Tulifanya hivyo kila Jumatano. Majirani walimtania: "Mukandori, sasa unauza wajukuu?" Alikuwa akijibu, "Ninauza, ndiyo, bei utaiweza?" na kuendelea kupanda. Mtoto alizaliwa analia. Tukamwita Jeannette.

Huyo Jeannette sasa ana miaka kumi na sita. Ameolewa na Nestor, mwalimu huko Kashuga. Jana alikuja kututembelea kwa lori la viazi, mimba yake ya miezi saba mbele yake. Aliposhuka, wanawake wa Karuba walianza kelele zao za zamani. Uso umejaa! Mwalimu anamlisha chokaa ya ubao ao nini? Jeannette alicheka, akageuza mashavu ili wamfinye. Nikaona mikono yake. Nikaona ameshikilia viatu vyake kidoleni, anatembea miguu mitupu.

"Viatu vimefanya nini?" nikamwuliza.

"Vimekuwa vidogo, Mama. Nimenona."

Nilitaka kusema, na ulimi ukanikatalia. Nimeweza kuandika haya yote, lakini pale mlangoni nilisimama kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Mukandori aliketi karibu na moto. Macho yake yamefunikwa na ukungu, haoni sura zetu tena, anatujua kwa sauti tu. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Jeannette," akasema. "Kuja hapa. Lete muguu."

"Tate yangu, hata hujanisalimia!" akamwambia bibi yake.

"Lete muguu."

Jeannette akaketi, akanyoosha mguu kwenye paja la bibi yake, akinikonyeza mimi kama watoto wanavyofanya wazee wakianza mambo yao. Mukandori alipapasa kifundo, akapanda juu kidogo, akabonyeza mfupa kwa kidole gumba. Aliondoa kidole, kisha akakirudisha taratibu, akizungusha ncha yake mahali pale, kama anayetafuta mbegu aliyoipanda.

"Anastasie," akaniita. Sauti yake haikupanda. "Leo ni siku gani?"

"Jumatatu, Mama."

"Basi hatungoji Jumatano. Ita wanaume."

Ninaandika haya kwenye benchi la zahanati, kwenye daftari nililomwomba Léonard. Nywele zake zina mvi sasa. Amempima Jeannette, ameandika, amempa dawa, amesema alale hapa upande wa kushoto hadi azae, na chumvi asiionje. Amesema tumewahi. Zaidi ya hapo hajaahidi kitu, nami sikumwuliza. Mukandori amekataa kubaki nyumbani. Walimbeba pia, kwenye ngobyi ya pili, akiwalaumu wabebaji njia nzima kwamba wanatembea kama konokono. Amelala sasa hapa kando yangu, na viatu vya Jeannette viko mapajani mwake.

Nimeingia kumtazama binti yangu mara nne. Kila mara ninauliza swali moja.

"Anacheza, Mama," amenijibu sasa hivi, amekasirika kidogo. "Anapiga, anageuka, hanipi nafasi ya kulala. Nimechoka naye."

"Muache," nikasema. "Muache akuchoshe."