Kipindi cha Mchanga

Mimi ni mtu wa maneno makali, Machakos nzima inajua. Lakini tangu tumzike mume wangu Mutunga, hata maneno yalinikauka. Nilipika, nikafua, nikalala. Ungenichoma sindano, ningekuuliza tu kama umemaliza.

Shida ilikuwa Mwongeli, binti yetu wa darasa la sita. Jumapili ile ya ajali alimwomba baba yake maji ya kufulia yunifomu. Mto ulikuwa umekauka, na kwetu mto ukikauka tunachimba mchanga wake mpaka maji yatokee chini. Mutunga akaingia shimoni, kuta zikamwangukia. Siku ya mazishi mama mmoja wa kanisa akasema, mtoto akisikia, "Siku ya Bwana haichezewi." Ulimi hauna mfupa! Tangu hapo Mwongeli akiwekewa chakula anasukuma sahani.

"Ni mimi nilimtuma," anasema. "Mungu alimuua juu yangu."

Nikimwambia si kweli, ananiangalia kama mtu anayedanganywa kwa huruma. Huyu mtoto haamini mpaka aone. Basi nikashika rimoti, televisheni imwonyeshe. Stesheni ya kwanza, mhubiri anafoka. Ya pili, wanasiasa. Ya tatu, kamari. Asi! Nchi nzima hakuna wa kumweleza mtoto kwa nini vitu vinaanguka?

Nikamuuliza jirani yangu Farhia, anayeuza nguo sokoni.

"Mama Mwongeli, kuna kipindi cha sayansi Jumamosi asubuhi," akasema. "Watoto wangu hawabanduki hapo. Wanaonyesha vitu kwa mikono, si kelele tu."

Jumamosi ya kwanza ilikuwa sumaku, iliyofuata vyura. Mwongeli alitazama ukuta. Halafu ikaja ya mchanga. Msichana wa kipindi alijaza karai mchanga wenye unyevu, akachimba shimo, kuta zikasimama wima. Akaliacha juani. Mchanga ulipokauka, ukaporomoka.

"Unyevu ndio unaoshikanisha chembe," akasema. "Ukiisha, hakuna kinachoshika."

Mwongeli akatoka nje. Nilimkuta na karai langu la kufulia, amelijaza mchanga wenye unyevu, amechimba shimo. Akakaa nalo juani, nami nikakaa naye. Mchana kuta zikaanguka.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Na mchanga umeanguka."

"Umeanguka."

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, mwaitu." Ana jina la mama yangu, ndiyo maana namwita mama kwa Kikamba.

Akaingia jikoni, akajipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Nilisikia kijiko kikikwaruza sufuria. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, kidogo. Lakini kumbe wiki hizo zote nilikuwa nimemnunia Mungu, na kule kununa ndiko kulikonisimamisha asubuhi. Sasa katika kifo kile Mungu hakuwamo, mtoto hakuwamo. Mutunga alikuwa amekufa tu, na mimi nilikuwa bado namtaka.